Kazi ya Nyumbani ya Baba Pini

Jumatatu, 4 Machi
Jirani mfamasia amesimama mlangoni kwangu tena, eti anaulizia suruali yake. Suruali gani! Amekuja kunitangazia kwamba binti yake amepata kumi kwa kumi mara ya saba mfululizo. Binti yangu Pini, darasa moja na huyo malaika, ameandikiwa "Ongeza bidii". Nimemtazama akifanya kazi ya nyumbani: saa nzima, hesabu moja ya sehemu, na picha ya paka pembeni. Nimeamua. Nitaifanya mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko ufanane na wa mtoto. Mimi ni fundi cherehani. Robo mita, nusu mita, naona kwa macho tu. Pini amekaa ubavuni kwangu akinichongea penseli.

Jumanne, 5 Machi
Tatu kwa kumi! Mimi! Niliyeshona suti za maharusi! Kumbe kwenye daftari nusu na theluthi hazijumlishwi kwa kukadiria. Mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: mwandiko umebadilika ghafla, je, mtoto anaumwa? Mke wangu, ambaye ni muuguzi, ameyasoma maneno hayo mara mbili, akamshika Pini paji la uso, kisha akanitazama mimi. Nikajitia kutafuta sindano sakafuni. Pini akanipapasa mgongo, akaniambia nisijali, hata yeye hesabu zile zinamshinda.

Jumatano, 6 Machi
Mbinu mpya. Leo ni insha: "Mtu Ninayempenda Nyumbani". Nimejitolea kumshonea binti wa mfamasia mkanda wa begi uliokatika. Begi limekuja na daftari ndani. Nimeinakili insha yake chapuchapu, bila hata kuisoma, kabla mwenyewe hajarudi. Ukurasa mzima! Mfamasia atatafuta pa kuficha uso.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitwa shuleni. Nimekalishwa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Mwalimu akasoma insha ya Pini taratibu: "Nampenda baba. Baba yangu anauza dawa. Ana kipara kinachong'aa."

Mimi nywele ninazo, tena nyingi. Nikakiri yote. Mwalimu hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema kazi ya nyumbani humwonyesha mwalimu mtoto amekwama wapi; siku hizi mbili yeye amekuwa akimsahihisha mzazi. Kisha akamgeukia Pini, aliyesimama kando yangu, akamuuliza mbona hakusema.

Pini akatazama viatu vyake. "Baba akifanya kazi yangu, anakaa na mimi. Siku nyingine anakaa na cherehani."

Nikasema vumbi la chaki limeniingia machoni. Ubaoni hapakuwa na herufi hata moja.

Ijumaa, 8 Machi
Saa kumi na moja jioni nimefunika cherehani. Mteja aliyekuja nimemwambia arudi kesho. Akashangaa. Nami nikashangaa. Nimekaa na Pini, mikono nimeikalia, amri ya mke wangu. Nusu na theluthi zikamkwamisha. Akachukua vipande vya kitambaa, akavikunja, akavipanga, akavikunja upya. Jibu nilikuwa nalijua (nadhani). Ulimi nimeuuma mpaka basi. Ghafla akapiga meza: "Baba, ni tano juu ya sita!" Akaniegemea begani huku akiandika. Mkono ukafa ganzi, sikuuondoa. Mke wangu alisimama mlangoni kitambo, bado na sare yake ya kazi.

Jumatatu, 11 Machi
Saba kwa kumi. Zake mwenyewe, kila moja! Nimeibandika karatasi ukutani, katikati ya vipimo vya wateja. Nimeapa mbele ya mke wangu: sigusi tena kazi ya mtoto.

Jumanne, 12 Machi
Mwalimu amewapa kazi ya mikono: nyumba ndogo ya boksi. Mfamasia ameonekana akiingiza makatoni mawili kwake. Mawili! Nimesema nitasaidia paa tu. Sasa paa bila kuta litakaa juu ya nini? Nimeweka kuta. Kisha ngazi, roshani, mapazia yenye marinda. Pini ameketi, kidevu viganjani, ameuliza kama anaruhusiwa walau kupaka rangi mlango.

Nimemwambia tutaona.