Chupa Moja Chini ya Kitanda

Jumatatu, 9 Juni
Baridi ya Dodoma haina adabu. Upepo unaingia mpaka kwenye soksi.

Mke wangu, Mama Noeli, amelazwa wodi ya mifupa ya wanawake. Aliteleza kwenye mahindi tuliyoanika uani, akavunjika paja. Alhamisi atafanyiwa upasuaji, awekewe chuma. Anasema haogopi. Lakini namjua. Akiogopa, anakunja ncha ya kanga. Ya leo imekunjwa mpaka maandishi hayasomeki.

Nimemwahidi kwamba wakimtoa wodini kwenda thieta, nitakuwa pembeni yake. Nimeahidi! Kumbe saa hiyo si ya kuona wagonjwa. Nikamweleza mlinzi, Meshack, kwamba mimi ni mume wa mgonjwa. Akaniamkia shikamoo vizuri kabisa, akasema wanaume wote hapa nje ni waume wa wagonjwa, akafunga geti.

Aibu. Mimi, Obadia, dalali wa Kibaigwa niliyewahi kuuza mahindi yenye wadudu nikiyaita mahindi hai, nashindwa na geti!

Jumanne, 10 Juni
Nimepata njia!

Nyuma ya jengo la kufulia kuna mashine inayosaga chupa za plastiki za hospitali. Vipande vinapelekwa kutengenezwa mabeseni na ndoo. Anayesimamia ni Swalihu, mtu wa Kondoa, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Anatafuta watu wa kujitolea. Anayejitolea anapewa aproni ya kijani. Mwenye aproni ya kijani anaingia wodi yoyote, saa yoyote.

Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Alinifundisha kwa muda mrefu. Chupa za maji na za juisi, chukua. Chupa za dripu, mpaka nesi akupe kwa mkono wake. Chenye damu au sindano, usiguse. Na hapa ni hospitali, alisema, chombo kimoja kibaya kinaharibu mzigo mzima. Nilitikisa kichwa kila alipopumua. Macho yangu yalikuwa kwenye aproni.

Nimepita mbele ya Meshack nikamwambia niko kazini. Kapiga saluti!

Nimeokota chupa alasiri nzima. Sista Erica, msimamizi wa wodi, alisema hajawahi kuona mtu wa usafi anayeanzia kitanda cha dirishani, anapumzika kitanda cha dirishani na kumalizia kitanda cha dirishani. Mama Noeli akajifanya hanijui. Akamuuliza jirani yake kama siku hizi kazi ya chupa wanapewa wazee. Wodi nzima ikacheka.

Kanga imekunjuka kidogo.

Jumatano, 11 Juni
Balaa. Chupa zimekwisha! Nimeisafisha wodi mpaka sina sababu ya kuwemo. Nikaanza kuwahimiza wagonjwa wanywe maji zaidi. Bibi mmoja wa Haneti akaniambia kibofu chake si mradi wa hospitali.

Nikapiga simu stoo kwangu Kibaigwa. Lori la mahindi likaniletea gunia la chupa tupu. Safi sana. Nimwage kidogo kidogo chini ya vitanda, niokote taratibu mpaka kesho. Akili ya dalali hiyo.

Getini Meshack alishangaa kuona gunia la takataka limejaa na bado linaingia. Nikamwambia limesahau kitu ndani. Akalifikiria hilo jibu, mimi nikapita.

Jioni Swalihu akaja wodini. Amebeba kwa vidole viwili kopo la plastiki alilolikuta kwenye chupa za wodi hii. Akauliza kwa upole, kwenye wodi hii ni mgonjwa gani anatibiwa kwa dawa ya dumuzi.

Dawa ya wadudu wa mahindi! Kutoka stoo yangu! Sikuwa nimekagua gunia.

Sista Erica alibadilika rangi. Akamwita daktari. Wagonjwa wakaanza kufunguliwa vinywa na kunuswa, mmoja mmoja. Bibi wa Haneti akawa anasali kwa sauti. Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria kunyamaza. Kisha nikatazama kitanda cha dirishani. Kanga imekunjwa yote.

Nikakiri.

Sista Erica alilitazama gunia, kisha mimi. Akasema amewahi kukamata watu wanaotoa vitu hospitali kwa magendo, ila mimi ni wa kwanza kuingiza takataka. Aproni nikavuliwa palepale. Nisionekane wodini mpaka upasuaji upite. Swalihu hakugomba. Alisema tu kwamba sasa itabidi achambue mzigo wote upya kwa mikono. Hilo liliniuma kuliko aproni.

Na ahadi yangu?

Alhamisi, 12 Juni
Nilifika getini kabla ya jua. Meshack akaniletea kiti chake. Hakufungua geti, lakini alileta kiti. Nimekaa pale nimejifunika koti, nikifikiria mwanamke anayesukumwa peke yake kwenye korido ndefu, akitazama dari. Nimewahi kupoteza lori zima la alizeti. Sikujisikia hivi.

Mara simu ya mlinzi ikalia. Meshack akasikiliza, akanitazama, akasikiliza tena.

"Mzee Obadia," akasema. "Kuna chupa wodini."

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu! Kumbe Mama Noeli alikuwa ameshapandishwa kwenye kitanda cha magurudumu, akagoma kuondoka. Aliwaambia chini ya kitanda chake kuna chupa, na hawezi kwenda kulazwa usingizi akaacha uchafu nyuma. Nesi akainama aiokote. Akakataa. Alisema kazi ile ina mwenyewe. Sista Erica ndiye aliyepiga simu, na nilipomshukuru akageukia ukutani, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Niliokota. Chupa ya maji ya juzi. Alikuwa ameificha chini ya mto siku zote hizo, kwa kunijua, na leo akaiangusha.

Nikatembea naye korido nzima, chupa mkono huu, mkono wake ule. Mlangoni mwa thieta akanivuta karibu.

"Baba Noeli, naogopa."

"Najua, Mama Noeli."

"Haya. Usiende mbali."

Sikwenda mbali. Nilikwenda kwa Swalihu, nikakaa chini, tukachambua mzigo wote chombo kwa chombo hadi Sista Erica alipokuja kusema chuma kimekaa vizuri na mgonjwa ameamka anaulizia uji. Nikalia kwenye rundo la chupa. Swalihu akanipa glavu safi nifute uso.

Niliapa: hila basi. Kuanzia leo napita milangoni kama watu wengine.

Jumamosi, 21 Juni
Nyumbani Kibaigwa! Mama Noeli yuko kitandani kwetu, ananenepa.

Tatizo ni shemeji Josephine, aliyekuja kumuuguza. Amenihamishia sebuleni na godoro langu. Anasema mgonjwa anahitaji utulivu. Ametangaza saa za kumwona. Ndani ya nyumba yangu! Nimebisha hodi mchana, nikaambiwa nirudi jioni.

Kupitia mlangoni nimesikia sauti ya Mama Noeli, taratibu, akimwambia dada yake kwamba chini ya kitanda kuna chupa, na yeye Josephine asijisumbue kuinama.

Nimevaa aproni ya jikoni, ile yenye maua. Nimechukua gunia la kwanza nililolikuta stoo. Linanuka dawa ya dumuzi, lakini kidogo sana. Hakuna atakayegundua.