Seli za Kitunguu Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimeadhirika. Tena mbele ya Mzee Idi, baba yake Zaina! Na leo ndiyo siku aliyoahidi kunijibu posa.

Asubuhi nimekaa kwenye cherehani yangu barazani, akaja rafiki yangu Silasi, muuguzi wa zahanati. Daktari wao Mbelgiji kaenda mjini Usumbura, kamwachia hadubini aisafishe. (Kuisafisha kwenyewe ndiko kuja kunionyesha mimi.) Akabandua ngozi nyembamba ya kitunguu, akaidondoshea dawa ya buluu. Ikajikunja.

"We fundi, nyoosha na sindano yako."

Nikanyoosha, nikachungulia. Subhanallah! Vyumba! Vidogo, vimepangwa safu kwa safu, kila kimoja na kitone chake cha buluu. Miaka yote nakata kitunguu, kumbe nakata mji mzima!

"Bon, chumba kimoja tunaita seli," akasema Silasi. "Seli mingi pamoja inafanya ngozi, inafanya nyama. Ile inafanya moyo, tumbo. Yote pamoja inafanya mutu. Batu banafanya mji. Sasa weka na samaki, na majani, na ziwa yenyewe: yote inaishi pamoja."

Mwili ulinisisimka. Fundi nikaelewa haraka: uzi, kitambaa, mkono wa koti, koti, mpaka harusi nzima imevaa!

Hapo akatokea Mzee Idi, Zaina nyuma yake na kikapu. Nikamkalisha mzee, nikamweleza kuanzia seli hadi ziwa, huku natabasamu. Akanikodolea macho mdomoni. (Nikadhani maneno yanamwingia.) Zaina akajifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Nikaongeza sauti.

"Kijana," mzee akasema taratibu, "we unakula nini?"

Sindano! Wakati nachungulia niliibana midomoni, kama ninavyofanya kila siku nikishona. Pamoja na dawa yake! Kwa kustaajabu hata ladha sikuisikia. Silasi akanishikia kioo: midomo buluu, ulimi buluu, meno buluu.

Mzee akainama kwenye hadubini, akachungulia kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Mungu iko fundi kweli," akasema. Kisha akanigeukia. "Mi nilikuja na jibu ya ndiyo. Lakini siozeshi binti yangu kwa mutu wa buluu. Urudi rangi ikitoka."

Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa mkaa, wapi! Ndiyo maana nawaandikia, rafiki zangu, badala ya kuja kwenye kahawa yetu ya jioni. Msinicheke, tafadhali. Mimi mwenyewe natamani kucheka, lakini meno yataonekana.