Likizo ya Maji Moto kwa Heshima ya Mke Wangu

Alhamisi, 1 Februari

Habari njema: mzee Tuppinger anastaafu baada ya Pasaka. Mgongo umemshinda, maskini. Kiti chake kitakuwa wazi. Mkuu wa Kitengo cha Mifereji, Jiji la Vienna! Ukishika cheo hicho, hata muuza mikate anakuita kwa cheo, na mkeo naye anaitwa kwa cheo chako. Katika mji huu asiye na cheo ni sawa na aliyetoka nyumbani bila suruali.

Wanaofaa ni wawili. Mimi, na Gernot Zwickl. Zwickl anaijua kazi. Ukiondoa hilo, hana sifa yoyote.

Nimempelekea Bi Notburga, katibu muhtasi wa Mkurugenzi, maandazi ya jemu ya msimu wa kanivali, zile sherehe za kabla ya Kwaresima. Kufika andazi la tatu, ulimi ukalegea. Kumbe Mama Mkurugenzi, Daktari Obermoser, kila wiki ya kanivali huenda Bad Gastein kuoga maji moto. Hoteli ileile, kila mwaka. Anapenda utulivu, kasema Bi Notburga. Hataki kabisa kuona sura za ofisini.

Sawa. Mimi sitakuwa sura ya ofisini. Nitakuwa mtu aliyekutana naye kwa bahati tu.

Kikwazo ni Roswitha, mke wangu. Nimwambie nini? Nimewaza njia nzima, nikiwa ndani ya tramu ndipo ikanijia. Wiki hiyohiyo tunatimiza miaka ishirini ya ndoa. Sijui niliwaza nini nilipooa Februari, lakini hongera kwangu.

Ijumaa, 2 Februari

Nimemwambia Roswitha wakati wa supu. Akaweka kijiko chini. Akaniuliza nimefanya kosa gani. Nikasema hakuna kosa, ni mapenzi tu. Akacheka, kisha akalia, kisha akafuta meza ambayo haikuwa chafu.

Halafu akaanza kufukua makaburi. Eti fungate letu la Venisi lilikuwa mkutano wa watengeneza mabomba. Eti miaka kumi ya ndoa tuliisherehekea Linz, kwenye maonyesho ya pampu. Nikamkumbusha kwamba zile pampu zilikuwa nzuri. "Sikia, Ottokar," akasema. "Safari hii nataka iwe yangu. Nikigundua kuna jambo nyuma yake, naenda Graz kwa dada yangu, na sirudi." Hakupaza sauti. Roswitha asipopaza sauti, ujue amekwisha amua.

Nikaapa kwa kaburi la mama. Mama yuko Floridsdorf, mzima kabisa, jana tu kanigombeza kwa kutompigia simu. Kwa hiyo kisheria sidhani kama kiapo kinanibana.

Jumapili, 4 Februari

Maandalizi. Roswitha anataka tufikie nyumba ndogo ya wageni karibu na maporomoko ya maji, walikolala wazazi wake zamani. Nikamwambia nimesikia ina unyevu. Sijasikia lolote. Akanywea kidogo, akasema basi hoteli kubwa nayo ni nzuri.

Jioni nilisimama mbele ya kioo nikijizoeza kushangaa. "Ala, Mama Mkurugenzi! Hata wewe uko huku?" Mara ya kwanza nilionekana kama mtu aliyekwamwa na mfupa, mara ya pili kama mwizi. Roswitha akanikuta katikati ya mshangao. Nikasema najizoeza hotuba ya sherehe yetu. Akanibusu shavuni, akasema hakujua kwamba bado nina mambo haya.

Nilijisikia vibaya kwa kitambo. Kisha nikaendelea na zoezi.

Jumatano, 7 Februari

Chakula cha mchana kantini na Zwickl. Yeye hana likizo. Atabaki kumalizia ramani za mifereji ya wilaya nzima. Masikini ya Mungu, anadhani watu wanapanda cheo kwa ramani. Nikamdanganya kwamba naenda Karinthia kumuuguza shangazi yangu, asije akapata wazo la kunifuata. Akanipa pole ya dhati, akauliza shangazi anasumbuliwa na nini. Nikasema nyongo. Anasema kesho ataniletea majani ya chai ya nyongo, ya bibi yake. Wema wa namna hii unakera sana.

Jumamosi, 10 Februari

Tumefika. Theluji mpaka madirishani. Kutoka Salzburg mpaka hapa Roswitha alinishika mkono, jambo lililonipa taabu, kwa sababu mkono huohuo ndio nilikuwa naandikia mambo ya kumweleza Mkurugenzi.

Chakula cha jioni nilikaa nyuma ya mmea mkubwa, nikichungulia. Roswitha kavaa gauni la buluu alilolishona kwa safari hii. Akaniuliza mara kwa mara natazama nini. Nikasema meza ya jibini. Mhudumu, mtu mwenye moyo, akawa ananiletea jibini kila nikigeuza shingo. Tumbo limejaa kama ngoma. Mkurugenzi sijamwona.

Jumapili, 11 Februari

Leo nimetumia akili. Kila mtu anajua kwamba penye taulo pana mwenyewe: ukilaza taulo lako juu ya kiti cha kulalia pembeni ya bwawa, hata meya hawezi kukigusa. Nikaamka kabla ya Roswitha, nikashuka, nikakuta joho la taulo lenye herufi za Mama Mkurugenzi, Dk. O., limetundikwa karibu na kiti kimoja. Nikalaza langu kiti cha jirani. Nikafumba macho. Nikangoja kushangaa.

Akaja mwanamume mwenye masharubu. Daktari wa meno kutoka Bregenz, anaitwa Obwexer, herufi zimegongana. Nimesikiliza habari za fizi mpaka saa za chai. Siwezi kusema sikuambulia kitu: anamjua Mkurugenzi kwa sura, na anasema yule mama huingia sauna kila siku kabla ya chakula cha jioni.

Roswitha aliogelea peke yake kwenye bwawa la nje, mvuke umemzunguka, theluji ikimwangukia kichwani. Akasema milima ilikuwa mizuri mpaka alitaka kuniita. Akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema kwenye fizi.

Jumatatu, 12 Februari

Siku yenyewe ya ndoa. Kitandani Roswitha akanipa saa ya mfukoni, imechongwa majina yetu. Nikampa ahadi kwamba zawadi yake iko njiani. Akasema zawadi ni kuwa hapa. Afadhali, maana nilikuwa nimesahau.

Alasiri nikamwambia nina miadi ya kukandwa mgongo. Akasema basi anakwenda kutembea mpaka kwenye maporomoko. Kila kitu kimekaa sawa.

Sauna. Mwanga hafifu, miwani nimeiacha nje, na kama kawaida ya nchi hii, wanaume kwa wanawake, hakuna aliyevaa kitu. Uchi haunisumbui, nimekulia humu. Kinachonisumbua ni vyeo. Mtu akivua nguo huwezi kujua umsalimie nani kwanza. Nimekaa hivyo nikihangaika, mara nikasikia kikohozi. Kile kikohozi kikavu ambacho Mama Mkurugenzi anafungia nacho vikao. Benchi la kati, pembeni. Nikasogea na taulo langu mpaka ubavuni kwake.

Akaingia Korbinian, msimamizi, na ndoo yake ya maji yenye harufu ya msonobari. Akafunga mlango. Sheria hii kila mtoto wa nchi hii anaijua: mlango ukishafungwa na maji yakianza kumwagwa juu ya mawe, hakuna kuongea, hakuna kutoka, mpaka raundi zote ziishe na watu wapige makofi. Anayetoka katikati anavuruga joto la watu wote. Atasimuliwa miaka.

Ndipo nikaona fursa. Mkurugenzi hawezi kutoka!

Nikamnong'oneza kwamba mimi ni Ottokar Plessnitz, wa Mifereji. Akasema nyamaza. Nikamnong'oneza kwamba Zwickl ni kijana mzuri ila hana upeo. Korbinian akamwaga maji, akazungusha taulo, joto likatupiga usoni. Akasema tena ninyamaze. Jasho likanitoka, na pamoja na jasho maneno. Nikamwambia ajue kwamba nimepanda milima hii yote kwa ajili yake yeye tu. Kwamba hata miaka ishirini ya ndoa nimeitumia kama kisingizio. "Mke wangu anadhani nimemleta yeye," nikasema, "maskini wa watu, ameshona mpaka gauni."

Nilidhani nanong'ona. Kuta za mbao zina tabia zake.

Kutoka benchi la juu, mgongoni kwangu, ikaja sauti. "Endelea, Ottokar. Tunasikiliza."

Kumbe upepo ulimrudisha Roswitha njiani, akaingia kuota joto. Korbinian akatukemea, akasema huu si mkutano, na akatangaza raundi ya pili. Nikataka kufa. Nikataka kutoka. Lakini hutoki katikati, hata iweje. Roswitha hakutoka. Mkurugenzi hakutoka. Daktari wa meno, ambaye nilikuwa simwoni, akaanza kutikisika kwa kicheko. Raundi ya pili. Raundi ya tatu. Na mimi nimekaa katikati ya mke wangu na bosi wangu nikiiva.

Ilipoisha watu wakapiga makofi. Roswitha alipiga mpaka wengine wote wakawa wameacha.

Nje, kwenye theluji, wanawake wale wawili wakasimama pamoja kupoa. Nikasikia Mkurugenzi akimuuliza kwa upole kama ndiye maskini wa watu. Roswitha akasema ndiye, shoga, ndiye mwenyewe. Mkurugenzi akamweleza kwamba mimi hakunijua kabisa, alidhani ni yule wa ghala la nyaraka, na kwamba kiti cha Tuppinger alipewa Zwickl tangu Januari. Akamwambia pia meza yake ya dirishani ina nafasi. Roswitha akaenda kuvaa gauni la buluu.

Chakula cha jioni nimekula na daktari wa meno.

Jumanne, 13 Februari

Roswitha kanifungia sanduku mwenyewe, na mashati kayakunja vizuri. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Amesema nipande treni ya asubuhi, yeye anabaki mpaka Jumapili, na akitoka hapa hajui kama atarudi Vienna au atakwenda Graz.

Mlangoni akaniambia, "Miaka ishirini umenipeleka mahali, Ottokar. Hata siku moja hujaja na mimi." Nikamwambia si kweli, Linz tulikaa chumba kimoja. Akafunga mlango taratibu.

Kwenye treni nilikaa peke yangu. Mkono wangu wa kulia ulikuwa huru njia nzima na sikuwa na cha kuandika. Nililia kidogo baada ya Bischofshofen. Mama mmoja akanipa andazi la jemu.

Jumatano, 14 Februari

Ofisini Zwickl kaniuliza hali ya shangazi. Nikasema amefariki. Kanikumbatia.

Jioni nimepiga simu hotelini. Roswitha alikuja kwenye simu akiwa bado anacheka, na nyuma yake nikasikia kikohozi kikavu, nacho kinacheka. Anasema wamepanda mlima kwa kiti cha kuning'inia kwenye waya, wamekunywa divai ya moto, wameanguka kwenye theluji, wote wawili, mpaka ikabidi wainuliwe. Miaka sijamsikia akicheka hivyo. Kisha akasema hajaamua bado habari ya Graz. Akasema ana swali moja tu, na nisikurupuke: kuna kitu chochote nataka kumwambia?

Nikafikiri. Nilifikiri kweli, sijawahi kufikiri namna ile. Nikaona kabisa kwamba huu ndio wakati wenyewe. Nikamuuliza kama amebahatika kusikia iwapo Zwickl ameshathibitishwa rasmi.

Simu ikakatika. Mawasiliano ya milimani ni mabovu sana.

Lakini tuangalie mambo kwa utulivu. Nilikwenda Gastein kutafuta dakika chache za Mkurugenzi. Sasa mke wangu wa ndoa ni shoga yake wa kufa na kuzikana. Anakula naye, anacheka naye, anaanguka naye. Zwickl ana nini? Zwickl ana ramani.

Kesho asubuhi natuma maua hotelini, waridi, mengi, ya kumwomba Roswitha msamaha. Kadi nimekwisha kuiandika, tena kwa mwandiko wangu mzuri: "Kwa Mama Mkurugenzi, Daktari Obermoser, na kwa mke wangu mpendwa." Nilianza kwa kumtanguliza Roswitha, lakini haikukaa vizuri. Yeye hana cheo.