Zevander, Mwana wa Ooko

Jumatano, 5 Machi

Nimelipata jina la mtoto! Zevander. Nimelisaka kwenye simu tangu mke wangu Carolyne arudi na mtoto kutoka hospitalini. Tovuti moja inasema ni la Kigiriki, maana yake simba wa bahari. Nyingine inasema ni la Kiajemi, maana yake muuza nyavu. Nimeamua kuamini ya kwanza. Umaarufu: halimo hata kwenye orodha. Halimo! Kuanzia hapa mtaani Tena, Nairobi, mpaka Buruburu hakuna mtoto atakayegeuka ukiliita.

Watu hawanielewi. Mimi ni Walter Ooko. Ooko kwa Kijaluo maana yake nje, kwa sababu Mama alinizalia nje, shambani, kando ya mihogo. Maisha yangu yote naitwa Nje. Mwanangu hatabandikwa jina kwa ajali. Nami nitaitwa Baba Zevander hadi kaburini.

Munene, jirani wa mlango wa pili, ananiita Baba Nani. Mkewe Teresiah ni mjamzito, tena karibu kujifungua. Munene ametangaza kwenye ngazi kwamba jina la mtoto wao litaufunga mtaa mdomo. Tutaona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempelekea fundi Kavindu shali nyeupe aidarizi jina. Aliuliza kama hiyo ni dawa ya mende. Nikamlipa. Kazi safi, lakini.

Mama amefika kutoka Siaya. Balaa! Mtoto hanyamazi, na Mama anasema analilia jina. Eti marehemu baba mkubwa Ondiek, aliyekuwa mtu wa reli, amemjia ndotoni na kofia yake ya kazi. Anataka kurithiwa. Ondiek maana yake fisi! Nitoke kuwa Nje, niwe Baba Fisi?

Jumapili majina ya marehemu yataitwa, kama desturi yetu. Jina litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Mama anasema hapo hakuna rufaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nafanya kazi kwenye stoo ya magodoro, Industrial Area. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kufikiri. Mpango ni huu: Mama akichoka kuita, nitataja Zevander kwa unyenyekevu, kisha nitakohoa. Carolyne akisikia kikohozi, anampa mtoto ziwa. Kimya! Mizimu imesema.

Carolyne alisita, maana kumdanganya mama mkwe si mchezo. Kisha akasema hajalala tangu ajifungue, na kwamba hata tukimwita Sufuria ni sawa, bora anyamaze.

Jumamosi, 8 Machi

Mazoezi jikoni, Mama akiwa sokoni. Nakohoa, mtoto ananyonya, kimya. Nakohoa tena, kimya tena. Mimi ni hatari.

Munene alisikia kikohozi kupitia ukutani akaleta chai ya tangawizi. Mnafiki mkubwa. Nimeinywa yote.

Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tumetoka kanisani, tumekula, mtoto akaanza kulia. Mama akasimama katikati ya sebule, akamwita Ondiek. Mtoto akapaza kilio. Nusura nipige makofi! Akaita wengine, majina ya ukoo mzima, mtoto analia tu. Carolyne alikuwa kitini, mtoto mapajani, macho yamefumbwa, masikio yakisubiri. Mama akaanza kuchoka. Nikatupa njugu mdomoni kutuliza moyo, nikajiandaa.

Mlango ukafunguliwa. Jirani huyu hajui kubisha na kungoja. Hujitangaza. "Hodi wenyewe! Ni Munene!"

Njugu ikapita njia mbaya. Nikakohoa.

Mtoto kimya.

Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akateremka. Nilipiga kelele kwamba ukoo wetu hauna Munene hata mmoja, huyu ni Mkikuyu na amekuja na mandazi. Mama akatafakari. Akakumbuka kwamba Ondiek alikuwa na rafiki wa chanda na pete huko reli, Mkikuyu, marehemu pia, jina lake Munene. Basi Ondiek amemtuma rafiki yake! Akatokwa na machozi.

Ningesema nini? Nikitaja kikohozi, nimekiri kumhadaa mama yangu mbele ya wafu. Nikajaribu kusema Zevander na kukohoa upya. Carolyne alikuwa amesinzia. Mtoto pia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeangalia kwenye simu. Munene: Kikikuyu, maana yake mkubwa. Umaarufu: nusu ya wanaume wa Murang'a.

Sasa naitwa Baba Munene. Munene mwenyewe anasema kwao aliyepewa jina lako ni wewe, kwa hiyo mimi ni baba yake. Asubuhi alinikuta kwenye ngazi. "Niaje, baba? Chai ya mtoto wako iko wapi?" Mtaa mzima ulicheka. Nina hasira hata njugu sitaki.

Jumatano, 12 Machi

Teresiah amejifungua mvulana. Mama, ambaye hapendi kitu kikae bure, amempelekea shali. Shali yangu iliyodariziwa!

Jioni Munene alikuja bila kelele. Alibisha, akangoja. Akanishika mkono na machozi yakamlenga. Akasema alijigamba tu, hakuwa na jina lolote, na kwamba hajawahi kuona jirani wa kumzawadia mtu jina zuri namna hiyo. La pili litakuwa la babake, kama desturi yao. La kwanza ni Zevander. Nikasema karibu. Ningesema nini? Alinigusa moyo, na hilo linaniudhi zaidi.

Baba Munene ni mimi. Munene ni Baba Zevander.

Carolyne amelala, mtoto amelala, na niseme ukweli, ni mtoto mzuri kupita wote Tena. Nimefungua simu. Orvandil. Asili haijulikani, maana haijulikani, umaarufu hakuna. La mtoto wa pili hilo! Na kikohozi nimekiacha kabisa. Safari hii nitapiga chafya.