Kapteni Aliyekufa Bila Matanga

Mapendo, Goma, tarehe 9 Agosti 1983

Kwa Citoyen Mkurugenzi,
Sinema Nyota Njema, Murara

Citoyen Mkurugenzi mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na nyumba yako. Mimi ni Murhula, fundi cherehani wa Mapendo, yule aliyekushonea suti ya kijivu, ile abakosti. Natumaini bado inakukaa vizuri. Mimi hali yangu si nzuri, na aliyeniharibia ni ile filamu yako ya chombo cha angani.

Jumapili nilimleta hapo kwako muzee Ndayambaje, aliyeshuka kutoka Masisi kuzungumza posa ya binti yake Mukantwari. Ndiye ninayetaka kumwoa, na sitaki mwingine. Nilitaka muzee aone kwamba mkwe wake ni mtu wa kisasa. Yaliyotokea nayapanga hapa chini.

1. Picha uliyobandika mlangoni inaonyesha chombo kikiwaka moto kati ya nyota, na mnyama mwenye meno marefu kama mapanga. Ndani ya filamu hatukuona nyota hata moja. Tuliona kolido. Watu wanakimbia kolidoni, mlango unafunguka, kumbe ni kolido ile ile. Mnyama naye alionyesha mkono tu, tena mkono umevaa saa.

2. Kapteni aliuawa kabla filamu haijafika nusu. Alikufa vibaya, nasema vibaya kwa upande wa kazi: alilala chini, akafumba macho, akajikuna pua. Mimi na benchi letu lote tulicheka mpaka mbavu zikauma. Je, ni kosa letu? Kisha wenzake wakammwaga nje kwa kidirisha kama maji ya kuoshea vyombo, wakaendelea kukimbia.

3. Hapo muzee alisimama, akavua kofia. Kivuli cha kichwa chake kikajaa kwenye kitambaa cheupe. Akasema kwa sauti kubwa: "Mutu amekufa, na hawa bote banakimbia tu! Hakuna hata moja wa kumulilia?" Watu wa nyuma nao wakasimama wima, wakidhani ni wimbo wa taifa. Fundi wako akazima mashine kwa hofu, kisha akaiwasha tena, tukaangalia mpaka mwisho.

4. Tangu siku ile muzee anasema yuko matangani. Kwao, mtu akifa mbele ya macho yako, huzungumzi mambo ya ndoa mpaka matanga yaishe. Nikimuuliza yataisha lini, ananijibu kwamba hilo ni la ndugu wa marehemu kuamua. Marehemu hana ndugu, Citoyen! Wenzake wote wamemalizwa na ule mkono. Wakati huo kasiksi, pombe ya ndizi aliyotengeneza mama kwa ajili ya wageni inachacha, wajomba zangu wamerudi Bukavu, na Mukantwari ananiangalia kama mtu aliyeshona suruali ya mguu mmoja. Nina uchungu kweli.

Kwa hiyo naomba haki, kwa adabu. Msiba ulitokea kwako, basi mfiwa mkuu ni wewe. Uje Mapendo na wafanyakazi wako, mkae chini pamoja nasi, mnyolewe nywele kama kawaida, mtangaze kwamba matanga yamekwisha. Mkikosa ndugu wa kapteni, mkata tiketi wako ana pua kama yake, atafaa kuwa mdogo wake. Na kwa kuwa mwili wa marehemu umo ndani ya ule mkanda, naomba mkanda uzikwe, pamoja na kopo lake, hapo uani kwako. Sanda nitashona mwenyewe.

Filamu hiyo usiionyeshe tena hata siku moja. Kila ukiionyesha kapteni anakufa upya, na matanga yangu yanaanza upya.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, mkata tiketi, fundi wa mashine, na yule mama anayeuza karanga mlangoni. Wote waambie sina ugomvi nao.

Ni mimi, katika huzuni nisiyoichagua,

Murhula, fundi cherehani

N.B. Nilikuwa sijafunga bahasha Mukantwari alipoingia. Akasoma barua, akacheka. Anasema baba yake anajua sinema tangu wakati wa Wabelgiji, mapadri walikuwa wakiwaonyesha kwenye ukuta wa misheni. Hakuna matanga yoyote. Hayo ni maneno ya adabu, ili asinikatalie usoni. Kapteni alipokufa, muzee hakuwa anaangalia kitambaa. Alikuwa ananiangalia mimi, nami nilikuwa nacheka. Usiku ule alimwambia binti yake: "Ule mutu, siku utakufa, atacheka." Basi, Citoyen, mkanda usizikwe. Filamu uionyeshe tena Jumapili hii, nakusihi. Nitamleta muzee, tukae mbele kabisa, mahali penye mwanga. Ila mwambie fundi wa mashine, kapteni akifika kufa, aende polepole. Machozi yangu huchelewa kutoka.