Kadi ya Kwenye Kioo cha Kinyozi

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Jumapili mama anatimiza miaka themanini na kaka amekataa kuja. Nimempigia simu mara tatu. Anasema hawezi kukaa katika nyumba ambayo kila akiingia, mama anafunga kabati kwa ufunguo. Kweli anafunga. Tena mbele yake. Yote hayo kwa sababu ya kadi moja ya mpira iliyopotea nikiwa na miaka tisa!

Niandike vizuri, maana mwenyewe nachanganyikiwa. Kadi zilikuwa zinatoka kwenye pakiti za chingamu, wachezaji arobaini. Nilikuwa nao wote. Siku moja namba thelathini na moja, kipa aliyepigwa picha akiwa hewani, hayupo. Nililia siku tatu. Nikasema kaka kaiba, maana nani mwingine? Mama akamkataza kaka kucheza mpira muhula mzima. Wakati huo kaka alikuwa karibu kuwa kipa wa timu ya shule. Nafasi ikachukuliwa na mwingine, na kaka hakudaka tena.

Leo kazini, nikitoa fotokopi za vyeti vya watu, wazo limenijia. Nitafute kadi nyingine ya kipa yule yule. Nimwambie mama nimeikuta nyuma ya droo, kumbe ilidondoka tu. Kaka anasafishika, mama anafurahi, mimi napongezwa. Sijui mtu mwenye akili kama zangu anafanya nini kwenye duka la fotokopi.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Nimeomba ruhusa, nimezunguka kutwa. Muuza vitabu vya mitumba anasema kipa yule alivaa nyekundu. Fundi viatu anasema manjano. Mimi nakumbuka kijani kabisa! Fundi viatu akaniuliza kama nina hakika alikuwa kipa. Nilikuwa nayo mpaka alipouliza.

Halafu, nikiwa nimeshaondoka, akaniita: kuna kadi ya zamani kwa kinyozi wa nyuma ya posta. Nimekwenda mbio. Ndiye! Yuko hewani, mikono mbele. Jezi ya bluu. Amebandikwa juu ya ufa, kona ya chini ya kioo. Nimepunguza nywele ili nipate muda wa kumtazama. Nikauliza bei. Kinyozi akasema haiuzwi. Akanikodolea macho kwenye kioo, akauliza kama kaka yangu hajambo. Kaka yangu kamjulia wapi?

Jumatano, tarehe 5 Agosti

Nimerudi kunyoa ndevu. Nikajifanya najipiga picha na simu, kumbe nampiga kipa. Kazini nimeichapa kwenye karatasi ngumu, nikaipaka chai ionekane kuukuu. Imetoka sawasawa. Kesho naibandua ile, nabandika hii. Si wizi. Kioo kitakuwa na kadi, mimi nitakuwa na kadi, nani kaibiwa?

Mke wangu ameniuliza ndevu ziko wapi. Nimemwambia joto.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Nimenyoa sharubu. Zilikuwa zimebaki hizo tu. Kinyozi akatoka kuanika taulo uani. Nikabandua, nikabandika, nikatia mfukoni. Kijasho chembamba kilinitoka mpaka kikaingia sikioni.

Nyumbani nimemwonyesha mke wangu. Akaigeuza, akainusa, akasema inanuka chai. Sijaelewa. Nilishika ya kweli mkono wa kulia na ya bandia wa kushoto. Au nilikuwa naangalia kwenye kioo? Basi kulia ni kushoto. Lakini mikono ilikuwa yangu! Nimejaribu tena mbele ya kioo cha bafuni kwa vijiko viwili. Nimezidi kuchanganyikiwa.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Kimebaki kichwa. Nimeomba upara.

Kinyozi hakushika wembe. Aliibandua ile kadi taratibu, akaniwekea kiganjani.

“Ungeniomba tu,” akasema.

Nikamkumbusha alisema haiuzwi. Akasema ndiyo, haiuzwi, lakini hakuna aliyesema haitolewi. Kisha akavuta kiti, akakaa. Akanieleza kwamba tulisoma shule moja. Kwamba kadi hii nilimpa mimi mwenyewe, naye akanipa baiskeli yake nizunguke uwanja mara mbili. Na aliyekuwa akikimbia nyuma yangu, kashika tandiko nisianguke, alikuwa kaka.

Nikasema amenifananisha. Nikaigeuza kadi. Mwandiko wangu, ule wa herufi zilizolala: jina langu, na chini yake, “nimempa ya baiskeli.”

Nikakumbuka. Yote yakaja kwa mpigo. Upepo, vumbi, pumzi za kaka nyuma ya shingo yangu. Mama alikuwa amenikataza baiskeli. Nikamwapisha kaka asiseme neno, hata litokee nini. Akaapa. Wiki iliyofuata niliitafuta kadi, nikaikosa, nikaanza kulia.

Nimeona aibu ambayo sijui pa kuiweka. Nimelipia upara bila kunyolewa.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Nimempigia kaka. Nikamwuliza kwa nini hakusema, siku zile mama alipomfungia viatu vya mpira kabatini.

“Uliniapisha, mdogo wangu.”

Basi. Miaka arobaini. Nililia kwenye simu, naye akangoja nimalize. Akasema atakuja kesho, kwa sharti moja: nimweleze mama kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamwambia hilo halina mjadala.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Kaka amekuja. Kavaa shati jipya. Mama alipomwona akavuta mkoba wake, akauweka mapajani. Kaka akatazama sakafu.

Nikasimama. Nikatoa kadi. Nikasema, mama, kaka hakuiba. Mama akauliza nani aliichukua. Ukweli ulikuwa umeshafika ulimini, naapa. Lakini mama alinitazama kwa lile jicho lake, nikawa na miaka tisa, na nikasikia mdomo wangu ukisema:

“Kinyozi wa nyuma ya posta.”

Mama akalia. Akamshika kaka mikono yote miwili, akamwomba radhi, mwanangu, mwanangu, nimekudhulumu. Akampa ule mkoba amshikie ili apate kufuta machozi. Kaka akaukumbatia kwa namna ambayo siwezi kuiandika. Halafu akanitazama juu ya kichwa cha mama. Hakusema kitu. Hata leo hakusema!

Kwa ujumla mambo yamekwenda vizuri sana. Kaka yuko huru, mama ana furaha, hakuna aliyeumia. Tatizo ni dogo tu. Mama amesema hafi kabla hajaonana uso kwa uso na huyo mwizi, na ametuagiza tumpeleke kesho saa nne asubuhi.

Nimeshapata njia. Kinyozi ni mtu mwelewa, na alisema mwenyewe kwamba ningeomba tu. Nitawahi saa mbili, nimwombe akubali kuwa mwizi kwa nusu saa. Na nitamwapisha asiseme.