Ombi la Kung'olewa Dishi na Kurudishiwa Mume Wangu

Kijumbani, Ziwa Kuikka,
Agosti, siku ya Jumatano.

Kwa Ndugu Ensio Kettunen,
Fundi wa kila kitu na shemeji yangu.

Shemeji,

YAH: DISHI ULILOTUFUNGIA NA MADHARA YAKE

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, maana nataka uwe na nguvu za kupanda ngazi. Sisi huku hatujambo, isipokuwa masikio yangu. Nakuandikia rasmi kwa sababu simu hupokei, na kila nikimuuliza mkeo Aili naambiwa umekwenda kuvua. Ni samaki gani hao wanaovuliwa tangu Juni bila hata mmoja kuonekana mezani, sijui, wala silo lililonifanya nishike kalamu.

Lililonifanya nishike kalamu ni dishi. Ulikuja nalo mwanzo wa kiangazi ukanisifia, "Shemeji, hili ni la chaneli za bure. Hakuna malipo ya mwezi, hakuna mkataba, ukishafunga umefunga." Rahisi ghali, na ughali wenyewe nimeuona. Nayapanga malalamiko yangu kwa nambari ili usije ukasema hukuelewa.

1. Ufungaji wenyewe. Uliniahidi utabiri wa hali ya hewa na hoki ya barafuni. Ukalikaza dishi kwenye ukuta wa kusini, uso umeinama kama mtu aliyedondosha funguo. Nilipokuuliza kwa adabu kama setilaiti siku hizi zinakaa kwenye vichaka vya beri, ulinicheka, ukanieleza kwamba huku kaskazini setilaiti iko chini, karibu na vilele vya misonobari ya ng'ambo, na kwamba dishi la aina hiyo huwa linatazama juu hata likionekana limeinama. Sawa, mimi si fundi. Lakini ni fundi gani anayemweka Oiva mbele ya televisheni ili apaze sauti picha ikitokea? Oiva huyu, ndugu yako wa tumbo moja, unayemjua tangu mkiwa na mafua ya utotoni. Wewe uko juu ya ngazi unazungusha, mimi niko uani nangoja kukupokezea sauti, na yeye kila picha ikija anaitikia kwa kichwa. Anaitikia kwa kichwa, peke yake, chumbani. Hali ya hewa ikapita, hoki ikapita, wewe unaendelea kuzungusha tu. Mkono ulipokuuma ukaacha, ndipo naye akasema, "Ipo." Ilikuwapo kweli: Waitaliano. Ukakaza nati, ukanywa kahawa, ukala mkate wangu wa beri, ukaondoka zako.

2. Mume wangu ameanza kuongea. Naomba ulipime kosa hili kwa uzito wake. Wazazi wangu waliniita Rauha, na amani ya jina hilo niliipata siku niliyoolewa na ndugu yako. Hata posa yake haikuwa na maneno ya kuzidi: alisimama mlangoni kwetu akauliza kama anaweza kuviacha pale viatu vyake vya mvua. Nikamwambia aviache. Tangu hapo, miaka arobaini, tumesikilizana vizuri. Akisema barafu imekuwa nyembamba, nasema ndiyo. Nikisema viazi vimeiva, anakuja. Dada zangu waliolewa na waongeaji, na leo mmoja hasikii sikio la kushoto, kwa hiyo usinieleze kitu kuhusu bahati.

Wiki ya kwanza ya dishi lako tulitazama tu midomo ya watu ikicheza. Wiki ya pili Oiva akasema, bila kuulizwa na mtu, "Huyo anamdanganya mwenzake." Nilidhani ni homa, nikamshika paji la uso. Kesho yake akaongeza sentensi nzima. Bandu bandu, sasa anatafsiri tangu kahawa ya asubuhi mpaka betri ya sola iishe chaji, na Kiitaliano chenyewe hajui hata salamu.

3. Anatafsiri uongo. Misa ya maziko aliigeuza mnada wa ng'ombe. Nilipomwonyesha kwamba watu wote wamevaa nyeusi, akasema wafugaji nao hupenda nyeusi. Mpishi wa watu, aliyekuwa anakata vitunguu vyake kwa amani, Oiva alimshitaki kwa wizi wa boti, akamsomea hukumu, akamfunga. Na kila mtu kampa jina la mtu wa kwetu: daktari kamwita kwa jina la daktari wa mifugo, mwizi wa pikipiki kamwita Ensio. Kwa hilo la pikipiki nilicheka, lakini lalamiko linabaki palepale.

4. Sauna. Hata mtoto wa kwetu anajua sauna ni ya mvuke na kunyamaza. Siku hizi nikimwaga maji kwenye mawe, ndugu yako ananieleza yaliyomkuta yule daktari na shemeji yake. Mara mbili nimetoka nikajitosa ziwani kabla ya jasho kunitoka, kwa sababu chini ya maji Kiitaliano hakifiki.

5. Toini. Huyu jirani yetu wa ng'ambo ya ghuba alikuja kuazima chumvi, akaketi. Kesho yake akaja na ufumaji wake. Sasa boti yake inashinda imefungwa kwenye gati letu, na juzi akaniambia, jikoni kwangu, kahawa yangu mkononi, "Una bahati wewe, Rauha. Mumeo ana maneno matamu." Oiva, maneno matamu. Oiva ambaye siku ya harusi ya binti yetu alisimama kutoa hotuba ya baba, akasema, "Chakula kipo," akaketi.

6. Hili nilikuwa sitaki kuliandika, lakini bila hili utadhani nalalamikia kelele tu.

Kuna tamthilia ya jioni, ya mwanamume mwenye shati jeupe na mwanamke wa nywele nyekundu. Wiki iliyopita huyo mwanamke alikuwa amelazwa, na mwanamume kakaa kando ya kitanda anasema na kusema. Oiva akatafsiri, macho yake kwenye kioo: "Siku ya upasuaji nilifika mapema. Nilikaa ndani ya gari, nikashindwa kushuka. Niliogopa nikiingia watanikabidhi nguo zako kwenye mfuko." Toini akajifuta machozi kwa soksi aliyokuwa anaifuma. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Unajua, shemeji, kwamba nilipasuliwa moyo majira ya baridi yaliyopita. Ulikuwapo wodini ndugu yako alipoingia, kofia mkononi, akasema barabara ina barafu. Nikamjibu kwamba lazima iwe nayo. Nilidhani hayo ndiyo yaliyokuwapo, nikaridhika nayo. Kumbe yako mengine, tena mengi, na ameyatunza muda wote huo ili aje kumpa nani? Mtu wa nywele za kupaka rangi, asiyejua hata kumenya kiazi, ambaye kesho yake tu alikuwa mzima anacheza muziki. Maneno yale ni yangu. Mshono ninao mimi. Nina hasira, Ensio, na nimeumia, na sitaki kukaa tena kwenye kiti changu mwenyewe nikisikiliza haki yangu ikigawiwa kwa Waitaliano.

7. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Uje kabla ya Jumamosi uling'oe dishi. Uzibe matundu ya skrubu ukutani kabla sisimizi hawajayaona. Oiva umrudishe katika hali uliyomkuta nayo, yaani kimya, akitazama ziwa. Ikiwa kazi hiyo imekushinda, basi ligeuze dishi liende kwenye hali ya hewa kama ulivyoahidi, ambako hakuna mtu anayempenda mtu. Ukikaidi, suala hili nitalifikisha kwenye mkutano wa majirani tunaochangia barabara yetu, kwenye kipengele cha mengineyo, nawe unajua watu wale walivyo na kumbukumbu ndefu.

Msalimie Aili, mwambie pole kwa kuolewa na mvuvi asiyeleta samaki. Wasalimie watoto, na mbwa wenu kama bado anakula viatu. Ukipita makaburini msalimie mama mkwe, umwambie mwanawe wa kwanza anaongea. Najua hataamini.

Ni mimi shemeji yako, niliyechoka kusikia,

Rauha Kettunen

Tanbihi: Barua ilikuwa imeshafungwa, nimelazimika kuifungua kwa mvuke wa birika. Leo upepo wa ziwani umelipiga dishi likageuka, tena katikati ya tamthilia. Toini alikuwa amekwenda kuokota uyoga, kwa hiyo tulikuwa wawili tu, mimi na Oiva, na tamthilia imeanza. Yule wa shati jeupe alikuwa amekaa mezani na mkewe, yule wa nywele nyekundu. Hapakuwa na hospitali wala kilio, ni mkate na jibini tu. Oiva akaanza kutafsiri polepole kuliko siku zote: "Mimi si mtu wa maneno. Lakini tumezeeka, na kabla sijafa nataka ujue kwamba," na hapo picha ikavunjikavunjika, ikazimika.

Nilingoja. Baadaye nikamuuliza, kwamba nini? Akasema hajui, picha imekatika. Nimepanda ngazi mwenyewe, na mshono wangu huu, nimelizungusha dishi huku na huku. Nimepata Wapolandi wanaouza masufuria. Nimepata watu wanasali. Waitaliano hawapo, na ndugu yako amekaa anatazama ziwa, kama nilivyoomba hapo juu kwenye nambari ya saba. Futa nambari ya saba. Zifute zote.

Toini atakukabidhi barua hii mkononi kesho asubuhi. Usingoje Jumamosi, panda boti yake hiyohiyo uje na spana ya kukazia. Ameishia kwenye "kwamba".